Sisplatini, doksorubisini, daktinomisini au trabektedini: ipi ijibu swali lako la udhibiti wa jeni?

Wanafunzi wa uzamili wanapokaribia kuwasilisha mapendekezo ya utafiti, swali hunijia lilelile kwa sura tofauti: "Mwalimu, nataka kuona jeni zinavyobadilika seli ya saratani ikipewa dawa. Nitumie dawa gani?" Mara nyingi anayeuliza ameshachagua kichupa kilichobaki kwenye jokofu la maabara, sasa anakitafutia swali. Naomba tuugeuze mwendo huo. Dawa nne ninazozilinganisha hapa zote hushika DNA yenyewe na zote hutibu saratani, lakini kila moja inagusa mahali pake. Ukichagua bila kujali hilo, utapata orodha ndefu ya jeni zilizopanda na zilizoshuka, na hutaweza kusema ni kwa nini zimefanya hivyo.

Maelezo ya darasani mara nyingi hukomea kwenye "dawa huharibu DNA, seli hufa." Ni kweli. Ila kabla ya kufa, seli huwa na saa kadhaa, pengine siku, ambazo jeni zake zinawashwa na kuzimwa kwa namna ambayo isingetokea bila dawa. Utafiti wako uko ndani ya saa hizo.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni mahali dawa inaposhika. DNA ni ngazi iliyosokotwa, na msokoto huo huacha mifuo miwili, mpana na mwembamba. Protini nyingi zinazowasha jeni husoma herufi zake kupitia mfuo mpana. Dawa inaweza kukaa kwenye mfuo mmojawapo, au ikajipenyeza katikati ya vidato vya ngazi. Inaweza pia kufunga kabisa kwa muungano wa kikemia, au kushika na kuachia.

Cha pili ni tabaka la udhibiti linalovurugika. Je, ni protini zinazokaa kwenye kianzio cha jeni? Ni kromatini, yaani DNA ikiwa imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye kigurudumu? Au ni polimerasi, kimeng'enya kinachonakili jeni kuwa RNA?

Cha tatu ni dozi na muda. Nakiweka kama kigezo kamili kwa sababu dawa ileile kwa dozi mbili inaweza kuwa dawa mbili. Cha nne ni mtego wa maabara, lile kosa linaloharibu miezi ya kazi bila kutoa dalili. Cha tano ni nani inamfaa, pamoja na mgonjwa anayepewa dawa hiyo hospitalini, maana utafiti wa jeni wenye mgonjwa upande wa pili una uzito wa namna yake.

Sisplatini

*Inaposhika.* Ni kemikali ya zamani, iliundwa katikati ya karne ya 19 na Michele Peyrone. Kazi yake kwenye seli iligunduliwa katika miaka ya 1960 na Barnett Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Michigan State, aliyekuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa elektrodi za platini akaona wanarefuka bila kugawanyika. Kilichosababisha hali ile ni platini, si umeme. Mwaka 1978 ikaidhinishwa Marekani.

Katikati yake kuna atomu ya platini, imezungukwa na kloridi mbili na amonia mbili. Kwenye damu kloridi ni tele, karibu milimola 100 kwa lita, kwa hiyo dawa hutulia. Ikiingia ndani ya seli, ambako kloridi ni chache mno, kloridi zake huondoka, maji hukaa mahali pake, na platini inakuwa tayari kushika. Hushika nitrojeni namba 7 ya guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA, upande wa mfuo mpana. Karibu thuluthi mbili ya mishiko yake hufunga guanini mbili zinazofuatana kwenye uzi mmoja, na kama robo hufunga adenini na guanini zilizo jirani.

*Kinachovurugika.* Pale platini ilipofunga, DNA hupinda, na mpindo huo una mvuto wake. Kuna protini ambazo kwa asili hupenda DNA iliyopinda, zile zenye kipande kiitwacho HMG. Zinakuja na kukaa pale. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba UBF, protini inayowasha jeni za RNA ya ribosomu (viwanda vya seli vya kutengeneza protini), hushika mpindo wa sisplatini kwa nguvu inayokaribia ile inayoshikia kianzio chake halisi. Mlinzi ameitwa kwenye geti la bandia, na geti lake limebaki wazi. Mbali na hapo, polimerasi II, ile inayonakili jeni za protini, ikifika kwenye mshiko hukwama, na kukwama kwake ndiko kunakoita mafundi wa kukarabati DNA, wakiongozwa na protini ya CSB.

*Dozi na muda.* Ni dawa ya mwendo wa pole. Inahitaji kuingia, kupoteza kloridi, kushika, kisha kukwamisha. Kwenye seli za maabara hutumika mikromola chache hadi makumi. Ukipima RNA baada ya nusu saa ukaona kimya, usiandike kwamba haifanyi kitu. Panga vipimo vya saa 6, 12 na 24.

*Mtego.* DMSO. Naliandika peke yake kwa makusudi. Wengi huyeyusha kila kitu kwa DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, kwa mazoea, lakini salfa ya DMSO huishika platini na kuisukuma kloridi nje, na kinachobaki kwenye kichupa si sisplatini tena. Niliwahi kumsimamia mwanafunzi aliyefanya kazi miezi minne akiamini seli zake ni sugu kwa dawa. Seli hazikuwa sugu. Tulirudia kwa kuyeyusha kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, zikafa kama inavyotarajiwa. Yale machozi yake siyasahau, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuwaandikia wengine. Pia usiweke myeyusho huo kwenye friji, maana dawa hujitenga na kuganda chini.

*Inamfaa nani.* Anayeuliza kuhusu usugu, ukarabati wa DNA, au namna protini za udhibiti zinavyoibwa kutoka kwenye vituo vyao. Kwetu ina uzito wa pekee, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi Afrika Mashariki, na sisplatini ya kila wiki ndiyo huambatanishwa na mionzi, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila mita mraba ya mwili. Anayetafuta kujua kwa nini uvimbe wa mama mmoja unayeyuka na wa mwingine unabaki, hapa ndipo pake.

Doksorubisini

*Inaposhika.* Hii ni ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa huitambua kwa rangi, na ambayo hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Ilipatikana Italia kutoka kwa bakteria wa udongo, Streptomyces peucetius, na jina lake la kwanza la kibiashara lilitokana na bahari ya Adriatic. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1974. Umbo lake lina pete bapa zinazopenya katikati ya vidato vya DNA, na sukari yake inabaki kwenye mfuo mwembamba. Kwa kiasi kikubwa haifungi moja kwa moja. Hushika, huachia, hushika tena.

*Kinachovurugika.* Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye utajiri na ndipo watu wengi hukosea.

Kazi yake ya kwanza inafahamika. Kuna kimeng'enya kiitwacho topoisomerasi II ambacho hukata nyuzi zote mbili za DNA, hupitisha kipande kingine, kisha huunga. Doksorubisini hukinasa kati ya kukata na kuunga, na mikato inabaki. Seli hupiga kamsa, p53, protini inayoitikia DNA ikiharibika, huamka, na jeni inazoziwasha hupanda.

Kazi ya pili ilikuja kueleweka vizuri mwaka 2013. Kundi la Jacques Neefjes huko Amsterdam lilionyesha kwamba dawa hii hung'oa histoni kutoka kwenye DNA, hasa pale kromatini ilipo wazi. Mwaka huohuo kundi la Steven Henikoff huko Seattle lilionyesha kwamba nyukleosomu, yaani mizunguko ya DNA kwenye histoni, karibu na vianzio vya jeni zinazofanya kazi hubadilishwa upesi zaidi chini ya dawa hii. Tafakari maana yake. Histoni hubeba alama za kikemia zinazoiambia seli jeni ipi iwe wazi na ipi ifungwe. Histoni iking'olewa, alama inaondoka nayo, na histoni mpya inayokuja inaweza isiwe na alama ileile. Zaidi ya hapo, mojawapo ya histoni zinazotoka ni H2AX, ambayo kazi yake ni kuashiria mkato wa DNA ili ukarabatiwe. Dawa inakata, na kule inakong'oa histoni inaondoa na kengele.

Sasa ukikuta jeni fulani imepanda, utasema ni kwa sababu ya mikato au kwa sababu ya histoni? Doksorubisini peke yake haiwezi kukujibu. Bahati nzuri ina ndugu wawili wa kulinganisha nao. Etoposidi hunasa topoisomerasi II na kuacha mikato, lakini haing'oi histoni. Aklarubisini hung'oa histoni bila kuacha mikato hiyo. Ukiwa na zote tatu, jeni iliyopanda kwa doksorubisini na etoposidi inaelekea kwenye mikato, na iliyopanda kwa doksorubisini na aklarubisini inaelekea kwenye kromatini. Sijaona mpango rahisi zaidi ya huu wa kutenganisha sababu mbili.

*Dozi na muda.* Kung'oa histoni huonekana ndani ya saa chache kwa mikromola chache. Mikato huonekana hata kwa dozi ndogo. Jambo la kushangaza kwa mgeni ni kwamba dozi ikipanda sana, mikato ya topoisomerasi hupungua, kwa sababu DNA imejaa dawa kiasi kwamba kimeng'enya chenyewe hakipati pa kukaa. Kwa hiyo dozi kubwa si toleo lenye nguvu zaidi la dozi ndogo.

*Mtego.* Inang'aa. Ukiimulika kwa mwanga wa bluu, hutoa mwanga wa machungwa unaoelekea wekundu. Ukipaka seli rangi nyekundu ya kingamwili kisha ukatazama kwa hadubini, huenda unachokiona ni dawa yenyewe. Weka kila mara sampuli yenye dawa bila rangi.

*Inamfaa nani.* Anayesoma kromatini na alama zake, na aliye tayari kununua walau etoposidi ya kulinganisha. Hospitalini hutumika kwa saratani ya titi, limfoma, na pia sakoma ya Kaposi, ambayo ukanda wetu unaijua kwa uchungu tangu janga la UKIMWI. Moyo ndio mpaka wake: jumla ya dozi ya maisha huwekewa kikomo, kwa kawaida kati ya miligramu 450 na 550 kwa mita mraba.

Daktinomisini

*Inaposhika.* Wanabiolojia huiita aktinomisini D. Selman Waksman na Boyd Woodruff waliitenga mwaka 1940 huko New Jersey kutoka kwa bakteria wa udongo, wakitafuta dawa ya kuua vijidudu, wakakuta ni kali mno kwa mwili. Baadaye ukali huo ukaelekezwa kwenye saratani. Pete zake hupenya mahali guanini inapofuatwa na sitosini, na pete mbili za peptidi hujaza mfuo mwembamba juu na chini ya hapo.

*Kinachovurugika.* Polimerasi inayokuja inakuta kizuizi njiani. Unakili ulioanza haumaliziki. Kati ya dawa hizi nne, hii ndiyo yenye jibu la wazi kabisa: inazima unakili.

*Dozi na muda.* Kwa nanogramu chache hadi makumi machache kwa mililita, inazima karibu polimerasi I peke yake, ile inayonakili RNA ya ribosomu. Kwa mikrogramu moja hadi kumi kwa mililita, inazima zote. Kwenye dozi ndogo hutokea jambo zuri la kusoma: ribosomu haziundwi, protini zake RPL5 na RPL11 zinabaki bila kazi, zinaishika MDM2, protini ambayo kwa kawaida huifanya p53 ibomolewe, na p53 inapanda ingawa DNA haijakatwa kwa kiasi cha kutajika. Atakayeandika "nilitumia aktinomisini" bila kutaja dozi hajamwambia msomaji kitu.

*Mtego.* Matumizi yake makuu ni kupima nusu-uhai wa RNA: zima unakili, chukua sampuli saa 0, 1, 2, 4 na 8, tazama RNA inavyopungua. Shida ni kwamba protini zinazobomoa RNA nazo hupungua pale zisiponakiliwa upya, hivyo RNA nyingine huonekana za kudumu kuliko zilivyo. Tena, jeni unayoitumia kama kipimo cha kulinganishia inashuka pia. Tia RNA ya kigeni kwa kiasi unachokijua kwenye kila sampuli, au linganisha na RNA ya 18S, mojawapo ya RNA za ribosomu, ambayo hudumu.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua kama RNA imeongezeka kwa kunakiliwa zaidi au kwa kubomolewa polepole, na anayesoma ribosomu. Wagonjwa wake ni watoto wenye uvimbe wa Wilms wa figo, wanaopewa pamoja na dawa nyingine ya saratani, vinkristini, na akina mama ambao mimba zabibu imewaachia saratani.

Trabektedini

*Inaposhika.* Ilitoka kwa mnyama mdogo wa baharini wa Karibi, Ecteinascidia turbinata, ikaendelezwa na PharmaMar ya Uhispania. Hufunga guanini upande wa mfuo mwembamba, na sehemu yake moja inabaki nje, tayari kugusana na protini.

*Kinachovurugika.* Kuna sakoma ya mafuta ambayo kiini chake ni protini moja ya udhibiti iliyoungana kimakosa, FUS-CHOP. Trabektedini huitoa protini hiyo kwenye vianzio ilivyokalia, na seli huanza tena kukomaa kuwa seli ya mafuta. Hapa dawa ya DNA inafanya kazi karibu na ile ya dawa ya udhibiti wa jeni. Ndugu yake lurbinektedini, iliyopata kibali cha awali Marekani mwaka 2020 kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo, husababisha polimerasi II iliyokwama kubomolewa.

*Dozi na muda.* Nanomola chache zinatosha.

*Mtego.* Uhusiano wake na ukarabati uko kinyume cha sisplatini. Seli isiyo na ukarabati wa kukata na kujaza hufa upesi kwa sisplatini, lakini huihimili trabektedini, kwa kuwa mafundi wa ukarabati wanaponaswa na dawa hii ndipo madhara huzidi. Jua hali ya ukarabati ya seli zako kabla ya kuanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye seli zinazotegemea protini moja ya udhibiti, na mwenye bajeti. Sisplatini, doksorubisini na daktinomisini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, hii haimo, na kuipata huku kwetu si kazi ndogo.

Kulingana na hali yako

Kwanza, kwa aliyefika hapa kwa sababu ndugu yake anatibiwa kwa mojawapo ya dawa hizi: ulinganisho huu si wa kuchagua tiba. Daktari wa saratani huchagua kwa aina ya uvimbe, hatua yake, figo, moyo na damu ya mgonjwa. Muulize yeye, na usibadilishe kitu kwa kusoma.

Kama swali lako ni "jeni hii imepanda kwa kunakiliwa au kwa kutobomolewa?" chukua daktinomisini ya dozi kubwa, kwa saa chache tu. Kama ni ribosomu na p53, dawa ileile kwa dozi ndogo, na utayarishe kipimo cha kuthibitisha kwamba polimerasi II bado inaendelea.

Kama ni kromatini, nenda doksorubisini, etoposidi na aklarubisini kwa pamoja. Aklarubisini ikikosekana, fanya na mbili za kwanza, ila punguza madai yako kwenye ripoti.

Kama una sampuli za wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi, usihangaike na nyingine. Sisplatini ndiyo waliyopewa. Kama unafanyia kazi sakoma yenye protini iliyoungana na una mshirika ng'ambo mwenye trabektedini, muombe mikrogramu chache. Zinatosha jaribio zima.

Kama maabara yako haina kabati la usalama linalovuta hewa, wala chombo maalumu cha taka za sumu, usianze na yoyote kati ya hizi. Zote nne zinaweza kumdhuru anayezishika kabla hazijafika kwenye seli, na anayefua koti lako la maabara naye yumo hatarini. Omba nafasi kwenye maabara iliyo na vifaa hivyo, hata kama itakubidi usubiri muhula mzima.

Na kama bado hujui swali lako ni lipi, usinunue dawa wiki hii. Chukua karatasi, chora jeni moja unayoijali: kianzio chake, histoni zake, polimerasi ikipita juu yake. Weka kidole pale unapodhani mambo yanaharibika, kisha uniletee hiyo karatasi.